Kindle, simu na mzigo wa mkimbizi: historia ya kusoma bila karatasi

GOMA – Familia inapokimbia vita, vitu vinavyotoka nyumbani ni vile vile kila mara: mtoto mgongoni, godoro kichwani, sufuria, bidoni ya maji na simu. Kitabu hakitoki. Ni kizito, kinalowa haraka, na hakiliwi. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2012. Ndivyo ilivyokuwa usiku wa volkano ya Nyiragongo, tarehe 22 Mei 2021. Ndivyo ilivyokuwa tena mwanzoni mwa 2025, vita vilipoingia mjini na kambi za kandokando ya Goma zikavunjwa, watu wa Masisi, Rutshuru na Nyiragongo wakafunga upya mizigo ambayo hawakuwa wamemaliza kuifungua.

Mtoto anayefika mahali pageni bila daftari wala kitabu anaweza kupoteza mwaka mzima, na mwaka mmoja mara nyingi huvuta mwingine. Kwa karibu miaka 20 sasa, watu katika nchi mbalimbali wamejaribu kutafuta dawa ya tatizo hilo kwa mashine. Walifuata njia mbili. Ya kwanza ni kifaa kilichotengenezwa kwa kazi moja tu, yaani kusoma vitabu. Ya pili ni kifaa cha kazi zote, yaani simu au tablet, ambamo kitabu hukaa pamoja na picha, muziki, pesa na ujumbe.

Swali la wazazi, walimu na mashirika ya misaada bado ni lile lile: pesa kidogo iliyopo inunue nini? Historia ya njia hizo mbili inasaidia kulijibu.

Wino usiokula umeme

Kifaa cha kusoma tu kilianzia kwenye utafiti wa chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1997 watafiti wa hapo walianzisha kampuni ya E Ink ili kutengeneza kioo chenye wino wa elektroniki. Ndani ya kioo hicho mna vidonge vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme husukuma chembe nyeusi juu mahali panapotakiwa herufi. Herufi ikishatokea, inabaki pale bila kutumia umeme tena, mpaka msomaji afungue ukurasa mwingine.

Ndiyo maana kifaa cha namna hiyo kinaweza kukaa wiki kadhaa bila kuchajiwa. Tena kinasomeka vizuri juani, kama karatasi, wakati kioo cha simu juani hugeuka kuwa kama kioo cha kujitazamia. Kwa mtu wa Goma anayejua maana ya kukaa siku tatu bila umeme, hizo si sifa ndogo.

Sony iliuza kifaa cha wino huo nchini Japani mwaka 2004. Lakini jina lililoenea duniani ni Kindle, ya kampuni ya Amazon, iliyotoka tarehe 19 Novemba 2007 kwa bei ya dola 399. Zote zilizokuwepo ziliisha siku hiyo hiyo ya kwanza.

Mwaka huo huo wa 2007, miezi michache kabla ya Kindle, Apple ilikuwa imeanza kuuza iPhone. Hakuna aliyeinunua kwa ajili ya kusoma vitabu. Hata hivyo, mwaka 2009 Amazon yenyewe ilitoa programu ya kusomea vitabu vya Kindle ndani ya iPhone. Maana yake ni kwamba mwenye duka alishaona kuwa wasomaji wengi hawatabeba vifaa viwili.

Mwaka huo wa 2009 lilitokea jambo jingine la kukumbuka. Amazon ilifuta kwa mbali, kutoka kwenye Kindle za wateja, nakala za vitabu vya George Orwell zilizouzwa na mtu asiye na haki ya kuviuza. Pesa zilirudishwa, lakini watu walishtuka. Waligundua kwamba kitabu walichodhani ni chao kingeweza kutolewa ndani ya nyumba bila mlango kufunguliwa. Baadaye mkubwa wa kampuni aliomba msamaha.

Ghana, Kenya, halafu Burundi

Afrika ilipata vifaa hivi kwa njia ya shule. Shirika la Worldreader lilianza kazi mwaka 2010 nchini Ghana, likiwapa wanafunzi Kindle zilizojazwa vitabu. Mwaka 2011 lilifika Kenya, katika shule ya kijijini karibu na Kilgoris, eneo la Wamaasai. Mtoto aliyezoea kugawana kitabu kimoja na wenzake watano alipewa mashine yenye makumi ya vitabu. Miongoni mwa vitabu hivyo vilikuwemo vya waandishi wa Kiafrika, kwa sababu shirika lilifanya mikataba na wachapishaji wa bara hili.

Watoto walisoma zaidi. Lakini hesabu ya Ghana ilionyesha pia upande wa pili: katika jaribio la kwanza, zaidi ya theluthi moja ya vifaa viliharibika, na hasa ni vioo vilivyovunjika. Shirika lilirudi kutafuta makasha magumu zaidi. Na kioo cha wino kikivunjika kijijini, fundi wa kukibadilisha hayupo. Simu ikivunjika kioo Goma, mwenyewe anapanda moto hadi Birere, na mara nyingi anarudi nayo ikiwaka.

Kwa watu wa Kivu, hatua iliyo karibu zaidi ni ya Burundi. Baada ya tetemeko la Haiti la mwaka 2010, shirika la Kifaransa la Bibliothèques Sans Frontières lilisema kwamba mtu aliyepoteza kila kitu anahitaji pia kitu cha kusoma na kufikiri, si chakula na bashi peke yake. Pamoja na UNHCR, na kwa msaada wa mchoraji wa vifaa Philippe Starck, lilitengeneza maktaba ya masanduku iitwayo Ideas Box. Masanduku ya kwanza yalipelekwa mwaka 2014 katika kambi za Burundi zilizokuwa na wakimbizi Wakongomani, zikiwemo Kavumu na Bwagiriza.

Ndani ya masanduku hayo vitu vyote vilikuwa pamoja: vitabu vya karatasi, vifaa vya kusoma tu, tablet, kompyuta na sinema. Yakifunguliwa, yanageuka kuwa maktaba kamili kwa muda wa dakika 20 hivi. Waliobuni hawakuchagua upande mmoja. Walijua kwamba mtu mmoja anatafuta hadithi, mwingine anatafuta habari za kwao, na mwingine anataka kujifunza kazi.

Maktaba hiyo ilifaa mahali ambapo watu wanakaa. Sanduku linahitaji mlinzi, chumba, umeme na mtu wa kulifungua asubuhi. Kindle ya shule nayo inahitaji shule iliyosimama, kabati lenye kufuli na mwalimu mwenye ufunguo. Kambi ikivunjwa kwa siku chache, kama ilivyotokea Februari 2025, watu wanaondoka na kabati linabaki.

Simu iliingia bila kualikwa

Simu ya mkononi ina historia ndefu Kongo. Telecel ilianza Kinshasa katika miaka ya 1980, wakati wa Zaire, na simu zake zilikuwa za mawaziri na matajiri. Mwananchi wa kawaida alifikiwa baadaye: Celtel ilipoanza mwaka 2000, kisha Vodacom mwaka 2002, mwaka ule ule ambapo lava ilikata katikati ya mji wa Goma, mwezi wa Januari. Mji ulijengwa upya juu ya mawe meusi huku simu zikienea.

Hakuna shirika lililowagawia watu simu ili wasome. Walizinunua ili kuongea, kutuma pesa na kujua kama barabara ya Sake iko wazi. Kusoma kulikuja nyuma, kimyakimya. Leo kanisani, mchungaji akitaja mlango na mstari, watu wengi hufungua Biblia ndani ya simu. Mwanafunzi wa chuo kikuu asiye na pesa ya silabusi huomba PDF kwa mwenzake. Wengi wao hawajawahi kushika Kindle.

Worldreader nayo ililiona hilo. Mwaka 2012 ilitoa programu ya kusomea vitabu hata kwenye simu ndogo za bei nafuu. Mwaka 2014 UNESCO ilichapisha utafiti juu ya wasomaji wa programu hiyo katika nchi saba, Uganda ikiwemo, baada ya kuwauliza watu zaidi ya 4,000. Zaidi ya nusu walisema wanasoma zaidi tangu waanze kusoma kwenye simu. Karibu mmoja kati ya watatu alisema huwasomea watoto hadithi kutoka kwenye simu. Wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake, lakini wanawake waliofika kwenye programu hiyo walisoma kwa muda mrefu zaidi, tena kwa mbali.

Jibu hilo la mwisho linagusa nyumba nyingi za Goma. Mama akipata simu, anasoma, na watoto wanasikia. Lakini simu ya nyumba mara nyingi iko mfukoni mwa baba, na baba yuko kazini au njiani.

Kilichopotea njiani

Simu ilishinda kwa sababu moja kubwa: ilikuwa tayari mfukoni siku ya kukimbia. Haikushinda kwa sababu inasomeka vizuri zaidi. Kwa kusoma kwenyewe, kifaa cha wino bado kiko mbele. Hakichoshi macho, hakimalizi umeme, na hakuna anayekiomba ili atume pesa.

Tena kifaa cha kusoma tu hakina uvumi. Mwezi wa Mei 2021, baada ya volkano kulipuka na serikali kuamuru watu wa sehemu kadhaa za mji waondoke, simu ziliwasaidia wazazi kutafuta watoto waliopotea kwenye msongamano wa kwenda Sake na Gisenyi. Simu hizo hizo zilileta picha za zamani na habari za uongo zilizowatia watu hofu usiku kucha. Mtoto anayesoma hadithi ndani ya simu anasoma huku mlango huo uko wazi. Ujumbe ukilia, hadithi imekwisha.

Kisha kuna moto wa betri. Mhami anayelipa kibandani ili achaji simu anauhifadhi kwa kupigia ndugu aliyebaki kijijini. Dakika 30 za hadithi ya mtoto zinashindana na simu hiyo ya ndugu, na ni rahisi kujua ni kipi kinashinda.

Kuipa simu tabia ya kitabu

Historia hii haisemi kwamba vifaa vya kusoma tu vilikuwa upotevu. Penye shule iliyotulia na mwalimu mwangalifu, vinafanya kazi. Kwa familia inayohama, jambo la maana ni kuipa simu iliyopo zile tabia nzuri za kifaa cha kusoma, na hilo linawezekana bila mega nyingi.

Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini na kufunguliwa mwaka 2014, una hadithi fupi za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Hazina kufuli kama vitabu vya dukani: ruhusa yake inakubali kuzipakua, kuzinakili, kuzichapisha na hata kuzitafsiri. Programu ya Kiwix nayo inaweka Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya simu au kadi ya memori, ikasomeka bila intaneti kabisa. Mtu mmoja akizipakua mahali penye mtandao mzuri, kadi yake inaweza kupita mikononi mwa parseli nzima, kama nyimbo zinavyopita.

Vitabu vikishaingia, intaneti inaweza kuzimwa kwa muda wa kusoma. Betri inadumu zaidi, ujumbe haulii, na uvumi unasubiri nje. Na pale ambapo simu ni moja na watoto ni kumi, mmoja anayejua kusoma anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, kisha kesho mwingine anachukua zamu. Watu wa hapa wanaijua njia hiyo kwa sababu ya redio: chombo kimoja, masikio mengi.

Kwa mashirika yanayoleta misaada, somo la Ghana, Kilgoris na Kavumu ni la hesabu. Kabla ya kununua vifaa vipya mia, ni vizuri kuuliza simu ngapi tayari ziko chini ya mabashi, zinachajiwa wapi na kwa bei gani. Paneli ya jua ya kuchajia bure kwa saa mbili, kwa sharti kwamba saa moja ni ya kuwasomea watoto, inaweza kufanya kazi kubwa kuliko sanduku la gharama. Na siku watu wakilazimika kuhama tena, simu zile zitaondoka nao, vitabu vikiwa ndani.