Sondek LP12: Kwatzi ilivyoingia Glasgow kwa mlango wa nyuma

Mwaka 2023 kampuni ya Linn ya Scotland ilitimiza miaka 50, ikajitengenezea zawadi ya kuzaliwa: toleo maalumu la mashine yake ya santuri, LP12-50. Zilitengenezwa 250 tu, pauni 50,000 kila moja, baada ya kupita mikononi mwa Jony Ive, yule aliyechora umbo la iPhone. Kwa bei hiyo ni rahisi kubaki umeduwaa mbele ya mbao na chuma kilichong'arishwa. Lakini sehemu ya LP12 yenye historia ya kusimulika haionekani kwa nje. Ni pawasaplai ya mota, saketi inayoamua sahani izunguke kwa spidi gani, na ndiyo iliyomaliza ugomvi ambao Linn wenyewe waliuanzisha.

Tupite haraka kwenye mwanzo. Garrard 301, iliyotoka Swindon mwaka 1954, na Thorens TD 124 ya Uswisi, ya 1957, zilikuwa na mota nene iliyosukuma sahani kwa gurudumu la mpira. Mwaka 1961 Mmarekani Edgar Villchur, kupitia kampuni ya Acoustic Research, alitumia mota ndogo na mkanda, akaning'iniza sahani kwenye springi. Mwaka 1968 Thorens TD 125 ilikuwa tayari na saketi ya transista inayoitengenezea mota umeme wake yenyewe. Kisha ikaja Glasgow, mji wa Linn. Nani hasa alibuni nini kati ya Hamish Robertson wa kampuni ya Ariston na familia ya Tiefenbrun ya Linn, ambayo karakana yake ya Castle Precision ilikuwa ikimchongea vipuri, ni habari ya wanasheria. Tuwaachie.

LP12 ilipoingia sokoni mwaka 1973 haikuwa na pawasaplai ya kusimulia. Mota ilichomekwa kwenye umeme wa ukutani, basi. Ilikuwa mota ya sinkroni, yaani inayofuata mapigo ya umeme hatua kwa hatua. Ikiwa na ncha 24 za sumaku kwenye umeme wa hezi 50, huzunguka mara 250 kwa dakika, na puli na mkanda hupunguza hadi 33 na theluthi kwenye sahani. Volti zikipanda au zikishuka kidogo, spidi haibadiliki. Hezi zikibadilika, muziki unabadilika.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Ndugu anarudi kutoka Marekani na mashine ya santuri, ananunua transfoma ya kushusha volti 240 hadi 120, anaichomeka Mombasa au Dar es Salaam, na mwimbaji anasikika kama amepewa dawa ya usingizi. Transfoma imerekebisha volti, haikugusa hezi. Marekani wanatumia 60, sisi 50. Sahani iliyopaswa kuzunguka mara 33 sasa inazunguka chini ya mara 28.

Turudi kwenye ugomvi wa Linn: mwanzoni ulikuwa juu ya nini kinachotoa muziki. Miaka ya sabini wauzaji wengi wa vyombo waliamini spika ndiyo roho ya mambo, na mashine ya santuri kazi yake ni kuzungusha tu. Ivor Tiefenbrun, mwasisi wa Linn, aliwajia juu: kilichopotea kwenye sindano hakirudishwi na spika yoyote, hata iwe ya bei gani. Alikuwa mtu wa maneno makali na maonyesho makali zaidi. Katika vyumba vya kusikilizia vya wauzaji waliomfuata, spika zisizopigwa ziliondolewa, simu ikatolewa, na mteja aliweza kuombwa avue saa yake ya kidijitali, eti kifaa chake cha kulia king'ora kinavuruga sauti. Wapo wanaocheka mpaka leo. Lakini wengi walisikiliza, wakalipa.

Kwenye suala la namna ya kuzungusha sahani, upande wa pili walisimama Wajapani. Matsushita walitoa Technics SP-10 mwaka 1970, sahani ikikaa juu ya mota moja kwa moja bila mkanda, na toleo la pili la 1975 likafungwa kwenye kwatzi, kipande kile kile cha fuwele kinachotunza muda kwenye saa ya mkononi. Kwa vipimo, mkanda wa Glasgow haukufua dafu. Linn wakajibu kwamba vipimo havisikilizi muziki, na kwamba mota iliyoshikamana na sahani humtetemesha msanii. LP12 haikuwa hata na 45. Ukitaka spidi hiyo, ulivalisha puli kipande cha ziada kwa mkono. Kwa wasikilizaji wa benga au muziki wa dansi, ambao santuri zao nyingi zilikuwa ndogo za 45, mashine hiyo ya kifahari ingekuwa pambo la sebule.

Halafu, mwaka 1982, Linn walitoa Valhalla: bodi ya saketi inayofungwa ndani ya LP12, na juu yake kuna fuwele ya kwatzi. Waliowavua wateja saa mlangoni wakawa wameiingiza kwatzi kupitia mlango wa nyuma. Mkanda ulibaki, mota ilibaki, lakini mota sasa ilifuata fuwele badala ya jenereta za gridi. Kwa maoni yangu Wajapani walishinda nusu ya hoja siku hiyo, ingawa sijaona Glasgow wakilikiri hilo.

Valhalla ndiyo iliyowapa mafundi kazi hadi leo. Inachukua umeme wa ukutani, inaugeuza kuwa mkondo wa moja kwa moja wa zaidi ya volti 300, kisha inautengeneza upya kuwa mawimbi ya hezi 50 yaliyo safi. Kazi hiyo ina joto. Rezista huchemka, bodi hugeuka rangi ya kahawia, kapasita za elektrolaiti hukauka, na mota huanza kusuasua. Tiba yake si ya ajabu: kapasita mpya, rezista mpya zilizoinuliwa kidogo kutoka kwenye bodi, na solda za zamani kupashwa upya. Hatari ndiyo isiyo ya kuchezea, kwa sababu kapasita hubaki na umeme wa kuua hata plagi ikishachomolewa.

Wapo wanaojenga pawasaplai zao kutoka mwanzo. Njia inayopendwa ni kutengeneza mawimbi mawili madogo kwa chipu, kuyakuza kwa amplifaya ya kawaida ya muziki, kisha kuyapitisha kwenye transfoma iliyogeuzwa kinyume ili volti 12 zipande hadi kiwango cha mota. Kwa hezi 50 unapata 33, kwa hezi 67.5 unapata 45, bila kugusa puli. Linn wenyewe walifika huko na Lingo, mwaka 1990, sanduku la nje lenye kubadili spidi kwa kitufe.

Baadaye ikaja Radikal, yenye mota ya mkondo wa moja kwa moja, mwaka 2009, mwaka ule ule Linn walipotangaza kuacha kutengeneza mashine za CD.

Kinachostahili heshima si pauni 50,000. Ni kwamba mtu mwenye LP12 ya mwaka 1973 bado anaweza kununua pawasaplai mpya na kuifunga humo humo. Kwetu, ambako fundi redio alikuwa mtu wa kila mtaa, tunauziwa spika za plastiki zisizo hata skrubu ya kufungulia, na tunakubali.

Kama nyumbani kwenu ipo mashine ya santuri ya mzee, iwe Garrard, Philips au Thorens, usiichomeke kwanza. Soma kibandiko chake uone volti na hezi, kisha mpelekee fundi abadilishe kapasita kabla sahani haijazunguka hata mara moja.