Mhunzi na Gobore

Utotoni mwangu huko Sepuka, katika nchi ya Wanyaturu, nilimwona mzee mmoja akifua kamani ya gobore. Kamani laini haiiangushi nyundo kwa nguvu, na iliyo ngumu mno huvunjika. Bunduki ya gurudumu, iliyobuniwa Ulaya katika karne ya 16, ilitaka ustadi wa fundi wa saa. Ikawa ghali, ikashindwa na gumegume. Gumegume, na baadaye bunduki za fataki, ndizo zilizofika bara pamoja na misafara ya pembe, zikamtia nguvu Mirambo wa Unyamwezi, jirani yetu, aliyefariki mwaka 1884.

Wako wanaomcheka mhunzi wetu kwa kushikilia silaha ya kale. Wamesahau Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890. Mataifa makubwa yalizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, kwa hoja ya kukomesha biashara ya watumwa (wala sidhani hoja ilikuwa hiyo peke yake), yakaacha mlango mwembamba kwa gumegume zisizo na michirizi mtutuni. Kilichopita mlangoni humo ndicho alichojifunza mhunzi.

Mzee aliibonyeza kamani kwa kidole gumba, akaguna, akairudisha motoni.