Kiharusi, Vilio la Damu na Udhoofu wa Akili

Wazee wa pwani walipotaja kiharusi walikuwa wakitazama kiungo, si kichwa: mkono uliolegea ukaning'inia, mguu unaoburutwa, mdomo uliokwenda upande, na ulimi uliokuwa jana ukikata mashauri barazani leo ukitoa sauti isiyofahamika. Neno la pili walilokuwa nalo, faliji, tuliloletewa na Waarabu, asili yake ni kupasua kitu nusu kwa nusu, kwa kuwa mgonjwa huonekana kana kwamba amegawanywa wima, upande mmoja hai na upande mmoja maiti. Majina yote mawili ni mazuri kwa kadiri jicho lilivyoona. Walakini hakuna hata moja linalotaja ubongo, na kwa sababu hiyo tumezoea kusema kwamba fulani alipatwa na kiharusi akapona, maadamu mguu wake umerudi kukanyaga. Na miaka michache baadaye, aanzapo kusahau majina ya wajukuu na kutia chumvi chunguni mara tatu, husema kwamba huo ni uzee tu, jambo jingine lisilohusiana na lile la kwanza. Dai langu ni kwamba aghalabu maradhi hayo ni ya nasaba moja, na kwamba istilahi zetu hazina budi kuudhihirisha udugu huo badala ya kuuficha.

Kwamba chanzo cha kupooza kimo kichwani ni jambo lililokisiwa tangu zama za Wayunani, lakini aliyelitolea ushahidi wa kisu ni tabibu wa Uswisi, Johann Jakob Wepfer wa mji wa Schaffhausen, ambaye mwaka 1658 alitoa kitabu cha habari za watu walioanguka ghafula, akaeleza jinsi alivyofungua mafuvu ya waliokufa akakuta damu imemwagika ubongoni. Na akaeleza pia kwamba mshipa uliozibika, ukaizuia damu isifike ilikokusudiwa, waweza kuleta msiba ule ule. Tangu hapo matabibu wanajua kwamba kiharusi kina milango miwili.

Mlango wa kwanza, wa kuziba, hauna taabu ya jina. Wa pili magazeti yetu huuita kuvuja damu ubongoni, na wasomaji huelewa. Lakini lugha yetu ina kitenzi kilicho sahihi zaidi, nacho ni kuvilia. Kinachovuja hutoka kikaenda zake, ilhali damu iliyovilia imetoka katika mshipa ikakusanyika ndani ya nyama, isipate njia. Hayo ndiyo hasa yanayotukia kichwani, kwa sababu fuvu ni mfupa usiotanuka, na damu iliyokwisha kutoka mahali pake huusukuma na kuubana ubongo uliokuwa umekaa salama. Nashauri basi tuseme vilio la damu ubongoni, neno ambalo mama yeyote aliyemkanda mtoto aliyeanguka mnazini ataling'amua bila ya kufasiriwa.

Tofauti ya milango hiyo si ya maneno matupu. Dawa inayoyeyusha bonge la damu, ambayo hupewa mtu aliyezibikiwa mshipa katika muda wa saa nne na nusu tangu kuanza kwa dalili, ikimfikia mwenye vilio humwangamiza. Na jicho la tabibu peke yake, hata awe hodari namna gani, haliwezi kumjua kwa yakini yupi ni yupi. Kabla ya mtambo wa CT, ambao mgonjwa wa kwanza alipigwa nao picha jijini London mwaka 1971, yakini hiyo aghalabu ilipatikana baada ya kufa. Kwa hiyo jamaa wanaokimbilia kumtia mgonjwa aspirini mdomoni nyumbani, kwa huruma na nia njema, wanabahatisha. Fauka ya hayo, mtu aliyepooza koo huweza kupaliwa na maji yale ya kumezea.

Sababu kuu ya milango yote miwili ni shinikizo la damu, ambalo watu wote hapa kwetu huliita presha. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani, alipoanguka kwa vilio la damu ubongoni tarehe 12 Aprili 1945 akafa siku hiyo hiyo, tabibu wake alipima shinikizo lililozidi 300 kwa 190. Na zama zile hata rais wa dola kubwa hakuwa na dawa ya maana ya kulishusha. Sisi leo tunazo dawa, lakini maradhi hayakutuhama: uchunguzi uliofanywa Tanzania baina ya mwaka 2003 na 2006, ulipolinganishwa kwa umri wa watu, ulikuta kiharusi kipya kwa watu kama 109 kila mwaka katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na kama 316 katika Dar es Salaam.

Nageukia sasa neno lililo gumu kuliko yote. Hali ya mtu mzima aliyekuwa na akili timamu kupungukiwa nazo kidogo kidogo, hata asiweze kujiendeshea maisha, matabibu huiita demensia, na watafsiri wetu wameiandikia shida ya akili. Siipendi tafsiri hiyo. Shida ya akili ni jina pana lililokwisha kubeba huzuni, wasiwasi, na kila namna ya maradhi ya nafsi. Wazimu wa uzeeni ni tusi kwa mzazi. Ugonjwa wa kusahau una adabu, lakini unapotosha, kwa kuwa udhoofu unaotokana na mishipa mara nyingi hauanzi kwa kusahau: mtu hulikumbuka jina lako na la baba yako, ila amekuwa mzito wa kufikiri, hawezi kupanga shughuli iliyo na hatua tatu, hukosea kuhesabu chenji, na hukasirika pasipo sababu. Mimi nachagua udhoofu wa akili, kwa kuwa kudhoofu ni mwendo, na jambo lililo katika mwendo laweza kucheleweshwa. Na ule unaotokana na kiharusi nitauita udhoofu wa akili wa mishipa.

Elimu yenyewe imeyumba sana katika jambo hili. Kwa muda mrefu matabibu wa Ulaya waliamini kwamba kila mzee aliyedhoofika akili mishipa yake ya kichwani imekuwa migumu na myembamba. Kisha wakarejea kwa alama alizozieleza Alois Alzheimer mwaka 1906, wakakaribia kuisahau mishipa. Mwaka 1974 Vladimir Hachinski na wenziwe wakaweka shauri katikati: mishipa inapodhoofisha akili, wakasema, si kwa ugumu wake, bali kwa vifo vingi vidogo vya nyama ya ubongo, kimoja baada ya kingine, vingine visivyohisiwa na mgonjwa mwenyewe. Ndivyo jahazi linavyoweza kuzama baharini shwari, si kwa wimbi hata moja, bali kwa maji yaliyopenya mbaoni tone kwa tone mpaka ngama ikafurika, na mabaharia wamelala.

Ushahidi unaonivutia kuliko wote ulitoka kwa watawa wa Kikatoliki wa Marekani, 678 kwa hesabu, waliokubali kupimwa akili mwaka baada ya mwaka na kutoa ubongo wao kwa elimu baada ya kufa. Habari za 102 kati yao zilitangazwa mwaka 1997. Walikuwamo ambao ubongo wao ulijaa alama za Alzheimer, nao katika uhai wao hawakuonekana kudhoofika akili. Lakini wale waliokuwa na alama hizo pamoja na kovu moja au mawili tu ya kiharusi kidogo katika vina vya ubongo, walidhoofika kwa wingi mkubwa zaidi. Kwa wasiokuwa na alama za Alzheimer, makovu yale yale hayakuleta tofauti kubwa. Kwa hiyo swali tulilozoea kuuliza, kama mzee huyu ana Alzheimer au ana maradhi ya mishipa, mara nyingi ni swali bovu: anayo yote mawili, na la pili ndilo lililolifichua la kwanza.

Hesabu zilizokusanywa Uingereza mwaka 2009 kutoka katika tafiti nyingi zilionyesha kwamba mtu mmoja katika kumi huwa amekwisha kudhoofika akili kabla ya kiharusi cha kwanza, mmoja mwingine katika kumi hudhoofika baada yake, na kiharusi kikirudi huzidi thuluthi. Vilio la damu ni kali zaidi. Mjini Lille, Ufaransa, katika watu waliosalimika nalo na ambao hawakuwa na udhoofu kabla, 14 katika 100 walidhoofika akili ndani ya mwaka mmoja na 28 ndani ya miaka minne, na hatari ilizidi kwa wale ambao damu ilivilia karibu na uso wa ubongo. Mahali hapo pana siri yake. Vilio la kina cha ubongo aghalabu huletwa na presha. Lile la karibu na uso, kwa wazee, mara nyingi huletwa na protini iitwayo amiloidi, ambayo ni ile ile ipatikanayo katika ubongo wa wenye Alzheimer, safari hii ikiwa imejipaka katika kuta za mishipa hata zikawa dhaifu na kupasuka. Udugu huo umewafuata matabibu hata kwenye dawa: lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa kuiondoa amiloidi, huweza kumletea mgonjwa uvimbe na vilio la damu ubongoni, ndiyo maana lazima apigwe picha za kichwa mara kwa mara.

Kwa watungaji wa kamusi, ombi langu ni kwamba fasili ya kiharusi isiishie katika kupooza kwa viungo, bali ianze na ubongo na ifike katika akili. Kwa wenye wazazi, neno langu ni la vitendo. Jaribio kubwa lililotangazwa Marekani mwaka 2019 lilionyesha kwamba kulishusha shinikizo la juu chini ya 120, badala ya kutosheka na chini ya 140, kulipunguza dalili za awali za akili kudhoofika, ijapokuwa kwa udhoofu uliokomaa tofauti haikuwa kubwa ya kutosha kukata shauri. Si kila mzee afaa kushushwa kiasi hicho, na hilo aamue tabibu. Lakini mzee aliyepata kiharusi, hata kama anatembea, apimwe presha yake asiache, na siku ya kwenda kliniki mtu wa nyumbani afuatane naye amweleze tabibu si habari za mguu peke yake, bali pia kama anakumbuka, kama anapanga mambo yake, na kama fedha zake bado anazihesabu mwenyewe.