Nani Anamjibu Nani? Programu Zilizoupa Mjadala wa Mtandaoni Mpangilio

Mvuvi wa Matemwe, Unguja, anayerudi kutoka upande wa Mnemba na kuwasha simu yake hukuta ujumbe chungu nzima katika kikundi cha WhatsApp cha kijiji. Mmoja ameulizia bei ya samaki, mwengine ametangaza msiba, watatu wanabishana kuhusu mkutano wa skuli. Katikati yao limekaa jibu moja, "sawa, nitakuja", na haijulikani mwenyewe anakwenda msibani au mkutanoni.

Tatizo hili lilikwisha kupatiwa dawa zaidi ya miaka 30 iliyopita. Wengi wa walioitengeneza dawa hiyo walikuwa watu wa kujitolea, na kazi yao waliigawa bure.

Mwishoni mwa 1979, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walifikiria namna ya kuziunganisha kompyuta kwa laini ya simu ya kawaida ili zipelekeane maandishi. Steve Bellovin, wa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichokuwa jirani, akaandika programu ya majaribio. Mfumo ukaitwa Usenet, na mwaka 1980 ukatangazwa hadharani. Haukuwa na makao makuu. Kila kompyuta ilinakili ujumbe kutoka kwa mwenzake na kuusukuma mbele, na kila mada ilipewa kundi lake la majadiliano.

Programu za mwanzo za kusomea zilionyesha ujumbe kwa kadiri ulivyofika, basi. Vyuo vilipoongezeka, wasomaji walizama. Mwaka 1984 Larry Wall, ambaye baadaye angeiunda lugha ya Perl, alitoa programu iliyoitwa rn. Msomaji alibonyeza kitufe cha nafasi tu, na programu ikamfikisha kwenye kinachofuata. Iliweka kumbukumbu ya alichokwisha kusoma, na ilimruhusu kuandika orodha ya mada na majina ambayo hataki kuyaona tena.

Lakini rn haikuweza kumwonyesha msomaji umbo zima la mazungumzo. Ufunguo wa hilo ulikuwa umekwisha kuwekwa mwaka 1983, katika waraka wa kanuni za ujumbe wa Usenet ulioandikwa na Mark Horton. Kila ujumbe ulipewa kitambulisho chake, kisichofanana na kingine popote duniani. Anayejibu hakuwa na haja ya kueleza anamjibu nani, kwani programu yenyewe iliongeza mstari wa References uliotaja vitambulisho vya ujumbe uliotangulia. Mwenye kuifuata mistari hiyo angeweza kuuchora mjadala kama ukoo unavyochorwa, swali la kwanza likiwa babu na majibu yakiwa watoto na wajukuu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wayne Davison aliichukua rn, akaitia uwezo huo, na programu yake ikaitwa trn. Kwenye pembe ya juu ya skrini, upande wa kulia, ulitokea mchoro mdogo wa vijistari na mabano. Mabano ya mraba yalikuwa ujumbe ambao bado haujasomwa, na ya duara uliokwisha kusomwa. Tawi lililogeuka matusi lilikatwa kwa kitufe kimoja, na matawi mengine yakaendelea kusomeka. Hakukuwa na picha wala rangi za kupendeza, lakini mtu aliyeingia kwenye mjadala wa siku 10 alijua papo hapo alipo.

Programu nyengine zilikuja kutoka pande mbalimbali za dunia: nn ya Kim Storm wa Denmark, GNUS ya Masanobu Umeda wa Japani, na tin ya Iain Lea mwaka 1991.

Wakenya na Watanzania waliosoma vyuo vya Ulaya na Marekani walikutana kwenye makundi ya Usenet kama soc.culture.african na soc.culture.kenya. Nyumbani njia ilikuwa nyembamba zaidi. Jijini Nairobi, mtandao wa NGONET wa shirika la mazingira la ELCI ulitumia Fidonet, mfumo uliobuniwa na Tom Jennings mwaka 1984. Upande wa pili wa laini, jijini London, shirika la GreenNet lilikuwa na lango la Fidonet lililosimamiwa na Karen Banks. Ujumbe ulibanwa kuwa furushi moja, modemu zikapigiana simu kwa dakika chache, laini ikakatwa, na watu wakasoma na kuandika majibu yao kwa utulivu bila gharama kukimbia. Kwa upande wa afya, shirika la SatelLife lilitumia setilaiti ndogo, HealthSat-1, iliyorushwa Julai 1991. Setilaiti hiyo ilipita juu mara chache kwa siku, ikachukua na kushusha maandishi kwenye vituo vya nchi kadhaa za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo.

Mtindo huo wa kusoma nje ya laini uliingia kwenye Windows kupitia Free Agent, programu ya katikati ya miaka ya 1990. Ilishusha vichwa vya ujumbe kwanza, msomaji akachagua, kisha ikashusha ujumbe aliouchagua tu. Kwa aliyelipia simu kwa dakika, huo ulikuwa uungwana mkubwa.

Usenet iliumizwa na mambo mengi. Aprili 1994 mawakili wawili wa Marekani walimwaga tangazo lao la biashara katika maelfu ya makundi, na taka za aina hiyo hazikukoma. Tovuti zikawavuta watu. Tanzania ilipata uwanja wake mwaka 2006, Maxence Melo na Mike Mushi walipoanzisha JamboForums, ambayo mwaka 2008 ikawa JamiiForums. Huko kila mada ina uzi wake, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo majibu hupangwa kwa saa, ukurasa baada ya ukurasa, na wachangiaji hulazimika kunukuu ili waeleweke wanamjibu nani. WhatsApp ina kunukuu pia, lakini mada zote humiminika katika mkondo mmoja. Matawi yamepotea, na mvuvi wetu ndiye anayelipa gharama.

Google, iliyonunua hifadhi ya ujumbe wa Usenet ya Deja News mwaka 2001, iliacha kupokea ujumbe mpya wa Usenet tarehe 22 Februari 2024. Seva za kujitolea bado zinafanya kazi, na programu ya barua pepe ya Thunderbird bado inasoma makundi hayo. Jamie Zawinski, aliyeandika sehemu ya kupanga ujumbe kwa matawi katika programu ya Netscape, ameeleza hadharani, hatua kwa hatua, jinsi mistari ya References inavyogeuzwa kuwa mti, hata pale ujumbe mmoja unapokosekana katikati. Msimbo wa tin na wa slrn, programu nyengine ya kusomea Usenet, nao uko wazi. Kijana wa Unguja anayejifunza kuandika programu anaweza kuushusha leo, akaujaribu kwenye mazungumzo ya Kiswahili, na akaanzia pale Davison alipofikia.