Kabla ya Msambwa, Masinde Alipigania Namba

Mtaje Elijah Masinde sokoni Kimilili na mazungumzo yatakwenda moja kwa moja kwenye utabiri: Waluhya wataungana lini, uongozi wa nchi utafika Magharibi kwa njia gani, nani alilaaniwa na nani alibarikiwa. Kila uchaguzi unapokaribia, wanasiasa nao humfufua jukwaani, hata wale ambao wangemkimbia angekuwa hai. Kandanda haitajwi. Ikitajwa, ni kwa sentensi moja ya kupitia, kisha msimulizi anakimbilia mambo ya Mlima Elgon na askari wa mkoloni.

Hata hivyo, kabla hajajulikana kama nabii, mtu huyu alijulikana kwa mpira. Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Mapema miaka ya thelathini alikuwa nahodha wa timu ya Kimilili. Ukitaka kujua ni wapi Masinde alijifunza kusimama mbele ya watu na wakamfuata, mimi ningekuelekeza uwanjani kabla ya kukupeleka kwenye pango lolote la mlimani.

Alizaliwa kati ya 1910 na 1912 katika eneo la Kimilili, upande wa Maeni, katika ukoo wa Babichachi wa Wabukusu. Alipokuwa kijana, Kimilili ilihesabiwa kuwa sehemu ya wilaya ya Kavirondo Kaskazini, na karatasi za serikali zilitiwa sahihi Kakamega. Wamisionari wa Friends, ambao wengi wanawajua kwa jina la Quakers, walikuwa wamefungua kituo chao cha kwanza Kaimosi mwaka 1902, wakapanda kaskazini hadi Lugulu na Kimilili. Huko Masinde alijifunza kusoma. Mpira ulifika kwa mkondo huohuo wa ubao, chaki na Biblia. Wamisionari waliupenda kwa sababu zao: uliwachosha vijana, uliwazoesha filimbi na saa, na uliwaweka mbali na ngoma na busaa siku za mapumziko. Vijana nao waliupenda kwa sababu zao, ambazo hazikuandikwa kwenye ripoti ya misheni.

Tusiufikirie mpira wa siku zile kwa macho ya leo. Ulikuwa gozi la ngozi nene lenye kibofu cha raba ndani, na mdomo wake ulifungwa kwa kamba kama kiatu. Anayeupiga kichwa alijua vizuri upande wenye kamba ulivyochubua paji la uso. Kwa mvua za chini ya Mlima Elgon, na udongo mwekundu unaonata, gozi lilikunywa maji hadi likawa zito ajabu. Na gozi hilo walilipiga peku. Uchezaji wa peku uliendelea Afrika Mashariki kwa muda mrefu sana. Hata Uganda ilipozuru Uingereza mwaka 1956, Waingereza walishangaa kuwaona wageni wao wakicheza bila viatu. Kwa hiyo anayesemwa kuwa na shuti kali mwaka 1930 alikuwa na wayo uliokomaa kwelikweli.

Kombe lenyewe lilitolewa na kampuni ya sabuni ya Uingereza, Gossage, iliyokuwa ikitafuta soko huku kwetu. Sabuni kwanza, soka baadaye. Biashara ya kuandika jina kwenye michezo haikuanza na kampuni za simu. Mashindano yalianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda peke yao. Mechi ya kwanza iliisha sare, ikarudiwa, Kenya ikashinda. Baada ya hapo raha ikahamia Kampala: katika miaka ya thelathini Uganda ndiyo iliyolibeba kombe mara nyingi, na Wakenya wakazoea kurudi nyumbani na maelezo.

Kuingia katika kikosi hicho hakukuwa jambo dogo kwa kijana wa kijijini. Wachezaji wa Nairobi na Mombasa walikuwa wafanyakazi wa reli, wa bandari na wa ofisi za serikali. Waliishi karibu na viwanja, na karibu na wazungu waliosimamia michezo. Wa Kimilili alicheza mbele ya watu waliotoka kwenye mashamba ya wimbi na mahindi, kisha akasubiri habari zake zifike mbali. Leo tungesema anatafuta namba. Tofauti ni kwamba anayetafuta namba sasa ana video kwenye simu. Yule wa 1930 alitegemea midomo ya watu, na pengine barua ya mwalimu wa misheni.

Na hata akiitwa, alisafiri na kipande. Sheria ya kipande ilikuwa imeanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na ilimbana mwanamume Mwafrika aliyevuka miaka 16 popote alipotoka nje ya eneo lake la asili. Karatasi yenye alama za vidole vyake na majina ya waajiri wake ilikaa ndani ya kijikopo cha chuma, na wengi walikining'iniza shingoni. Basi fikiria mchezaji anavua kijikopo hicho, anaweka pembeni, anavaa jezi ya Kenya. Filimbi ya mwisho ikilia, anakivaa tena. Nchi aliyoichezea haikumruhusu kutembea ndani yake bila karatasi. Hata Kitale, mwendo mfupi tu kaskazini mashariki mwa Kimilili, ilikuwa nchi ya walowezi, na Wabukusu waliokwenda huko walikwenda kama vibarua au maskwota katika ardhi ambayo babu zao waliilishia ng'ombe.

Hapa ndipo ninapoona uzito wa kandanda katika maisha yake. Baada ya vita vya Chetambe vya 1895, ambapo Wabukusu walipigwa na Waingereza na washirika wao karibu na Webuye ya leo, serikali iliwaweka Wawanga kuwatawala. Kimilili ilipewa Murunga, ndugu yake mfalme wa Wawanga, Nabongo Mumia. Wabukusu walilalamika miaka nenda miaka rudi, hadi Murunga akaondolewa katika miaka ya thelathini na nafasi yake ikachukuliwa na Amutala, Mbukusu, lakini naye wa kuteuliwa na bwana DC. Katika ujana wote wa Masinde, hapakuwa na cheo chochote kijijini ambacho watu walimwona mtu akikipata kwa jasho lake mbele yao. Chifu aliletwa. Karani aliletwa. Mzee wa kanisa alipitishwa na mzungu. Nahodha wa timu ndiye peke yake ambaye kila mtazamaji kando ya uwanja aliweza kumpima mwenyewe: anakimbia au hakimbii, anaogopa au haogopi, wenzake wanamsikia au wanampuuza.

Historia haikuacha daraja lililonyooka kutoka unahodha hadi unabii, na sitalijenga kwa nguvu. Kwanza alifanya kazi ya kupeleka samansi za baraza la kienyeji la Kimilili, kazi iliyomtembeza nyumba kwa nyumba akiwa na karatasi za serikali mkononi. Alioa mke wa pili, na kanisa la Friends likamweka kando. Vita vya Pili vilipoleta kukamata vijana kwa kazi za lazima, alikataa. Maofisa wa kilimo walipoamuru watu wang'oe gugu la marigoldi mashambani, alikataa hilo pia. Kesi zikafuatana, na mwaka 1945 serikali ikaamua kwamba mtu anayekataa namna hii lazima ana kichaa, ikampeleka hospitali ya Mathari, Nairobi. Alikaa huko hadi 1947.

Alipotoka, aliita watu, wakaja. Septemba mwaka huohuo alikutana na maelfu ya wafuasi Lugulu, na akawaongoza hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa 1895. Dini aliyoiongoza, Dini ya Msambwa, ikawa tishio ambalo serikali haikuweza tena kuliita ugonjwa wa akili. Tarehe 10 Februari 1948, polisi waliwafyatulia risasi wafuasi Malakisi, wakawaua 11. Mwezi huo Masinde alikamatwa, dini ikapigwa marufuku, naye akapelekwa kizuizini Lamu, mbali na mlima kadiri ramani ya Kenya ilivyoruhusu. Aliachiliwa mwaka 1961.

Uhuru haukumpa utulivu. Dini iliruhusiwa kwa muda, ikapigwa marufuku tena mwaka 1968, na Masinde akarudi ndani chini ya serikali ya Kenyatta. Alitoka mwaka 1978 Moi alipoingia madarakani, akaingia matatani tena, na alifariki mwaka 1987. Vincent Simiyu aliandika wasifu wake uliochapishwa mwaka 1997.

Mchezo wenyewe haukuondoka eneo lile. Katika miaka ya hamsini, Friends walifungua shule ya Kamusinga hapohapo Kimilili, ingawa sifa yake kubwa ilikuja kuwa mpira wa magongo. Kitale, ile ya walowezi, ikatoa Solidarity, vijana wa St. Anthony's, ambao ukikutana nao kwenye michezo ya shule unajua una kazi. Bungoma ikapata Nzoia Sugar, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2017 na kuwapa wakazi sababu ya kujaza uwanja wa Sudi kabla haijashuka tena. Kijana wa Maeni anayetaka namba leo ana ngazi za kupanda: shule, kaunti, klabu. Bado anapaswa kuonekana, na bado wanaochagua wengi wanakaa Nairobi.

Kombe la Gossage nalo lilibadilika. Tanganyika iliingia mwaka 1945, Zanzibar ikafuata, na baada ya uhuru mashindano yakageuzwa kuwa yale tunayoyaita Cecafa. Desemba 2017 Kenya iliyaandaa, na badala ya kufungia mechi zote Nairobi, waandalizi walipeleka baadhi Kakamega. Harambee Stars walianza kwa kuwafunga Rwanda 2-0 katika uwanja wa Bukhungu. Ule mji ambao zamani uliitawala Kimilili kwa karatasi ukawa mwenyeji wa timu ya taifa, na wa Kimilili aliyetaka kuitazama alipanda matatu asubuhi na kurudi jioni. Wiki mbili baadaye, Machakos, fainali dhidi ya Zanzibar iliisha 2-2 na ikaamuliwa kwa matuta. Kipa Patrick Matasi alipangua mikwaju mitatu, Kenya ikachukua kombe.