Henryk Górecki na Simfonia Iliyokawia Kusikika

Mwaka 1992 ilitolewa sahani ya Simfonia ya Tatu ya Henryk Górecki, iliyopigwa na London Sinfonietta chini ya uongozi wa David Zinman, na kuimbwa na Dawn Upshaw. Nakala zilizouzwa zilipita milioni moja, na huko Uingereza ikaorodheshwa pamoja na nyimbo za dansi za vijana. Wasikilizaji wengi walidhani kwamba mtunzi mpya amezuka. Kumbe mtunzi huyo alikuwa akikaribia umri wa miaka 60, na simfonia yenyewe aliitunga mwaka 1976.

Górecki alizaliwa mwaka 1933 katika kijiji cha Czernica, Silesia, nchi ya makaa ya mawe kusini mwa Poland. Mama yake alifariki siku mwana alipotimiza miaka miwili. Wako wanaotaka kuieleza kazi yake yote kwa msiba huo, na hiyo ni njia fupi mno. Alifundisha shule kwanza, kisha akasoma utunzi mjini Katowice kwa Bolesław Szabelski. Mwaka 1960, katika tamasha la muziki mpya la Warszawa, kazi yake iitwayo Scontri ilizusha kelele: okestra nzima iligonganisha sauti kwa ukali ambao wengi hawakuwahi kuusikia. Tangu hapo akahesabiwa miongoni mwa mabingwa wa usasa.

Ndipo akageuka, polepole, katika miaka iliyofuata. Alizirudia nyimbo za kale za kanisa na za wanakijiji, akapunguza vitu mpaka vikabaki vichache. Simfonia ya Tatu ina sehemu tatu, zote za mwendo wa taratibu. Ya kwanza huanza chini kabisa, kwa fidla kubwa za sauti nzito. Kundi moja baada ya jingine huingia na kuifuata sauti ileile, hadi okestra ya nyuzi imejaa. Mwimbaji huingia katikati, kisha mawimbi hayo hushuka tena yalikotoka. Maneno yake ni ya mama na mtoto: maombolezo ya Bikira Maria ya karne ya 15, maandishi ya binti wa miaka 18 ukutani mwa gereza la Gestapo mjini Zakopane, mwaka 1944, na wimbo wa kienyeji wa mama anayemtafuta mwanawe aliyeuawa. Ilipopigwa mara ya kwanza mjini Royan, Ufaransa, mwaka 1977, wahakiki waliokuwa wakimsifu waliiona kuwa usaliti. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Ukali wa Scontri na utulivu wa Simfonia ya Tatu vyatoka katika tabia moja: kushika jambo moja na kutoliachia mpaka limekwisha.

Tabia hiyo ilimgharimu pia nje ya muziki. Mwaka 1975 alifanywa mkuu wa chuo cha muziki cha Katowice. Mwaka 1979 akajiuzulu, serikali ilipokataa Baba Mtakatifu Yohane Paulo II asifike mji huo. Mwaka uleule aliongoza mwenyewe Beatus Vir mjini Kraków, mbele ya Baba Mtakatifu. Wanachama wa Solidarność walipopigwa na polisi mjini Bydgoszcz, mwaka 1981, alitunga Miserere, kwaya tupu bila ala. Haikuimbwa hadharani ila mwaka 1987.

Umaarufu wa 1992, basi, haukumfundisha kuharakisha, wala hakuandika Simfonia ya Tatu ya pili, ingawa soko lingeinunua. Kazi yake ya tatu kwa fidla nne aliimaliza mwaka 1995, akaiweka kabatini. Kronos Quartet walioiagiza waliipata mwaka 2005. Alifariki mwaka 2010. Simfonia ya Nne aliiacha katika mswada, na mwanawe Mikołaj, mtunzi pia, akaikamilisha kwa ajili ya okestra. Ilisikika London mwaka 2014.