Mafuta ya Kuoshea Vyuma

Msomaji, huenda umepata kumwona fundi wa motokaa huko Tuwan, mjini Kitale, akiosha vyuma vya injini katika karai. Je, ni mafuta gani yaliyomo? Jambo hili lina historia yake.

Petroli imependwa tangu zamani, kwa kuwa huondoa grisi upesi na hukauka mara moja. Lakini mvuke wake hushika moto hata katika baridi ya asubuhi ya Kitale, nao hutambaa chini kwa chini mpaka ufikie jiko lililo mbali. Huko Marekani, madobi waliosafisha nguo kwa petroli walipatwa na moto mara nyingi. Ndipo mmoja wao, W. J. Stoddard, aliposhirikiana na mtaalamu Lloyd Jackson kutafuta mafuta ambayo mvuke wake hauwaki joto likiwa chini ya digrii 38. Mwaka 1928 yaliwekewa kanuni, na baadaye yakaingia katika gereji. Mafuta ya taa yanakaribiana nayo.

Tena, kabla ya mwaka 2006 petroli ya Kenya ilitiwa risasi, nayo ni sumu inayopenya ngozi.

Basi, uchaguapo, usitazame wepesi wa kazi tu. Utazame na uhai wa mwenye kuifanya.